Nchi Iliyofuta Siku ya Tatu

Naapa, tena naapa nikiwa nimetawadha, kwamba yote nitakayoyasimulia hapa ni kweli tupu. Sikutia chumvi wala ndimu. Mtu akikuta humu uongo hata wa ukubwa wa punje ya mtama, basi nipewe jembe nilime shamba lote la mkwe wangu Mhina, kuanzia uani mpaka kwenye mnazi wa mwisho, na maji nisipewe.

Nimelitaja jembe kwa sababu lipo. Limeegemezwa ukutani, hatua nne kutoka kwenye kiti changu. Mhina ni kijana mwenye adabu, na adabu haimruhusu kumwambia baba wa mke wake akalime. Kwa hiyo kila asubuhi hulitoa ndani, huliegemeza mahali ambapo sina budi kuliona, hukohoa mara mbili, akaenda zake. Nami humwitikia, "Pole na kikohozi, mwanangu," nikaendelea na chai yangu. Nilikuja kuwatembelea kwa siku chache tu.

Leo alikohoa mara tatu. Nikaona wakati umefika wa kumsimulia yeye na binti yangu Mwanamvua habari za nchi isiyokuwa na jembe hata moja. Nilivyowasimulia wao ndivyo ninavyowaandikia ninyi.

*

Mwaka huo nilikuwa nimestaafu ukarani wa ghala bandarini. Akatokea mzungu mmoja, Daktari Henningsen, mng'oa meno aliyestaafu kama mimi, mwenye mashua yake ya matanga, nyeupe mpaka inaumiza macho. Alikuwa anatafuta mpishi. Nikamwambia nimeishi na bahari miaka thelathini na moja, na huo haukuwa uongo, maana dirisha la ghala lilitazama bahari. Kuhusu kupika hakuniuliza.

Shida ilikuwa moja. Mwanamvua alikuwa anaolewa Ijumaa ya wiki iliyofuata, baada ya sala.

"Baba, usiende," aliniambia.

"Safari ya siku nane tu."

"Siku zako nazijua. Ulitumwa chumvi ukarudi baada ya Idi."

"Nitakuwepo."

"Usipokuwepo nani ataniozesha?"

"Nitakuwepo, mwanangu."

"Sema wallahi."

Nikasema. Nilipofika hapo katika kusimulia, Mhina, aliyekuwa anasikiliza kwenye ngazi ya baraza, akakohoa. Hakikuwa kile kikohozi cha jembe. Sikukitilia maanani, nikaendelea na hadithi.

Tuliondoka Jumatatu. Jumatano upepo ukatugeuka, ukatusukuma usiku kucha kama mtu anayemtoa mlevi harusini, na Alhamisi asubuhi tukakiona kisiwa. Kilikuwa mlima mmoja mkubwa, kileleni moshi mweusi mzito, na miguuni pake mji uliopakwa chokaa. Kabla Daktari hajaamua kama tutie nanga au tupite, boti ya serikali ilikwisha kutufikia. Ndani yake alisimama bwana mwenye suti, medali saba na sinia la sambusa. Alituzungumzisha kwa kipaza sauti, ingawa tulikuwa karibu kiasi cha kupeana mkono.

"Mmekwisha kukaribishwa," alisema. "Msijaribu kukataa."

Huyo ndiye Bwana Ngwali, Afisa Makaribisho Daraja la Kwanza. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha redioni. Akatupa fomu tujaze. Swali la kwanza lilikuwa: Je, umekula? Mimi, kwa ustaarabu wa kwetu, nikaandika: Nimeshiba.

Uso ukambadilika. "Mzee, futa hiyo. Kushiba mbele ya mwenyeji ni jinai. Kifungu cha nne."

Nikafuta. Nikaandika: Nina njaa.

Akasoma, akanirudishia. "Ongeza 'sana'."

Daktari akauliza nchi inaitwaje.

"Jina la nchi ni siri ya serikali," alijibu Bwana Ngwali. "Limeandikwa kwenye karatasi moja, karatasi imo ndani ya kasha la chuma, na ufunguo tumeufungia humo humo ili usipotee."

"Sasa watu watalijuaje taifa lenu?"

"Kwa ukarimu wake."

"Na ile ni volkano?" Daktari alinyoosha kidole kwenye moshi.

Bwana Ngwali akatazama kulia, akatazama kushoto, akaushusha mkono wa Daktari taratibu kama anavyoshushwa mkono wa mtoto aliyeelekeza kidole makaburini.

"Lile ni Jiko la Taifa," alisema. "Na ule ni mvuke. Chakula chenu kiko motoni."

Ardhi ikanguruma, maji yakatetemeka, sambusa mbili zikaruka kutoka kwenye sinia.

"Mnasikia?" akasema. "Maharage hayo."

*

Tulipangiwa nyumba ya Bi Mashavu, mjane mwenye mikono imara na macho ya mtu ambaye hajalala kwa kutosha tangu enzi za mumewe. Tulimkuta huko mgeni mwingine, Bwana Ferdinandi, muuza cherehani. Alifika kisiwani kuonyesha cherehani moja ya mfano, kwa siku mbili. Alikuwa amefikisha mwaka wa kumi na tisa. Mapazia yote ya mji alikuwa ameyashona yeye, na bado, kwa heshima ya mgeni, akipewa kichwa cha samaki peke yake huku wenye nyumba wakilamba mchuzi.

Ijumaa alfajiri spika ya mnarani ikalia: "Wananchi, na wageni wetu wapendwa, leo ni siku ya pili." Vizuri. Kumbe Alhamisi ilikuwa ya kwanza. Jumamosi alfajiri nikajiandaa kuaga. Spika ikasema: "Wananchi, na wageni wetu wapendwa, leo ni siku ya kwanza."

Nikamfuata mwenye nyumba jikoni. "Bi Mashavu, jana si ilikuwa siku ya pili?"

"Ndiyo, baba."

"Basi leo ni ya tatu."

Upawa ukamdondoka. Akaenda akafunga dirisha, akafunga na mlango. "Usilitamke hilo, baba. Kuta zenyewe nyembamba."

"Nimetamka nini?"

"Huko kwenu hamna ule msemo wa mgeni siku mbili?"

"Tunao. Siku ya tatu mpe jembe."

"Nasi tulikuwa nao mzima," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa umebaki wa siku mbili."

Akanieleza huku akichambua mchele. Zamani, mgeni mmoja alifikisha siku ya tatu, akapewa jembe kama ilivyo desturi, akatokwa na lengelenge moja. Aliporudi kwao akaandika gazetini kwamba watu wa kisiwa kile huchimbisha wageni. Habari ikamfikia Mwenyeji Mkuu wa Taifa, maana ndicho cheo cha mtawala wao. Alilia uwanjani kwa dakika tisa, na wananchi wakalia dakika kumi, ili asionekane peke yake. Ikaundwa tume ichunguze kipi kifutwe, jembe au siku ya tatu. Tume ikakaa miaka miwili, ikala mbuzi mia nne, ikapendekeza vyote viwili. Majembe yakakusanywa nyumba kwa nyumba, yakapandishwa mlimani, yakatupwa kinywani mwa Jiko.

"Sasa mnalima kwa nini?"

"Kwa vijiko. Kuna kampeni. Kilimo cha Kijiko."

"Na mavuno?"

Akanionyesha mchele aliokuwa akichambua. Ulikuwa kijiko kimoja na nusu, wa watu wanne.

"Lakini mimi nataka kuondoka, Bi Mashavu. Namwozesha binti yangu."

"Kibali cha kuondoka kipo," alisema. "Hutolewa siku ile ile uliyoitaja. Anayeondoka kabla yake huhesabiwa kwamba amekikimbia chakula cha watu."

Bwana Ferdinandi aliyekuwa sebuleni akasimamisha cherehani kidogo, kisha akaendelea kushona.

Siku hiyo nilichukua kamba nikapiga mafundo matatu, ya Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Kufika nyumbani kutoka kule ni mwendo wa siku mbili. Fundo la saba, Jumatano, nisipokuwa baharini, Mwanamvua angekaa na maua kichwani akimngoja baba ambaye huku anashibishwa kwa lazima.

*

Nilikwenda ofisini kwa Bwana Ngwali. Ofisi ilikuwa nzuri, ina zulia, ina picha ya Mwenyeji Mkuu akimsukumizia mtu tonge kinywani.

"Nimekuja kuchukua kibali cha kuondoka."

"Karibu sana. Vibali hutolewa siku ya tatu, saa mbili mpaka saa sita." Yeye, kwa kuwa ni serikali, aliruhusiwa kulitamka.

"Siku ya tatu ni lini?"

"Baada ya siku ya pili."

"Jana ilikuwa ya pili."

"Kabisa."

"Basi ni leo."

"Leo ni ya kwanza. Hukuisikia spika?" Akanisogezea chai na mandazi. "Mzee wangu, usiwe mtu wa kuhesabu. Mgeni anayehesabu siku ni mgeni ambaye hakufurahi. Wewe hukufurahi?"

Aliuliza huku mkono wake ukivuta mtoto wa meza. Nikaona humo fomu nyekundu. Bi Mashavu alikuwa amenitahadharisha. Asiyefurahi hupelekwa Nyumba ya Wageni ya Serikali, ambayo ina nondo madirishani, na humo siku ya pili yenyewe haifiki.

"Nimefurahi," nikasema.

"Sana?"

"Sana. Ila binti yangu anaolewa Ijumaa."

"Hongera. Ijumaa hapa hatuna, lakini mlete, aolewe siku ya kwanza au ya pili, uchague mwenyewe." Akasimama kunisindikiza. "Halafu umekunywa chai ya ofisi, kwa hiyo sasa wewe ni mgeni wa ofisi pia. Siku zako zinaanza upya."

Nje kulikuwa na giza saa nne asubuhi. Majivu yalikuwa yanateremka polepole, yakijaza mikunjo ya nguo za watu. Kila mtu alikuwa anajipangusa kwa siri, kama mtu anayejikuna mbele ya wakwe.

*

Fundo la tano. Fundo la sita. Majivu yaliingia kwenye wali, na tangazo likatolewa kwamba ni Pilipili Manga ya Taifa, isiondolewe. Daktari Henningsen, mtu wa sayansi, akataka kujua kama hakuna mtaalamu hata mmoja wa milima. Bi Mashavu alisema alikuwepo. Alitamka volkano kwenye mkutano, na jioni ile ile akateuliwa kuwa balozi kileleni. Mwanzoni barua zake zilikuwa zinakuja zimeungua pembeni. Kisha zikawa zinakuja pembe tupu.

Jumanne sote tuliitwa uwanjani kumsikiliza Mwenyeji Mkuu. Alikuwa mtu mfupi, mnene, mwenye sauti ya huruma, na nyuma yake alisimama mtu wa kumshikia mwavuli kwa ajili ya ile pilipili manga.

"Ndugu wananchi," alisema, "yako maneno ya mitaani. Yanasema Jiko letu linawaka kupita kiasi. Nami nauliza, tangu lini mwenye nyumba akalaumiwa kwa kuwa jiko lake linawaka? Aone haya mwenye jiko baridi. Majirani zetu wana milima, ndiyo, lakini je, imewahi kuwachemshia hata chai?"

Tukapiga makofi. Jiwe la ukubwa wa fenesi likatoka mawinguni likifuka moshi, likaangukia ngoma kubwa ya bendi, likaipasua.

Mwenyeji Mkuu hakugeuka. "Nyama hiyo," alisema. "Wapeni wageni kwanza."

Usinitazame hivyo, Mwanamvua. Nilikuwepo.

*

Jumatano, fundo la saba, hakukupambazuka vizuri. Spika ilitangaza siku ya kwanza kwa sauti ya mtu aliyefunikwa blanketi. Niliamshwa na mlio juu ya kichwa changu, mlio wa boriti inayolalamika. Majivu yalikuwa yamefika goti juu ya paa, na paa la Bi Mashavu lilikuwa la mabati ya zamani kuliko yeye.

Nilimkuta uani, amesimama juu ya ngazi, anayachota majivu kwa kijiko cha chai.

"Shuka, nikusaidie," nikamwambia.

"Mgeni hafanyi kazi."

"Paa litaanguka."

"Mgeni huketi. Chai yako iko mezani. Ina pilipili manga."

Sasa tangu fundo la tano nilikuwa na jambo langu: nikipewa jembe, siku ya tatu imefika, spika ipende isipende. Karani wa ghala ni mtu anayejua kwamba kila kitu ni kitu kingine kikifungwa vizuri. Nilikuwa nimeichukua nanga ndogo ya mashua ya Daktari, nikaikunja meno yote isipokuwa moja, nikaifunga kwenye kasia kwa kamba ya katani. Ilikuwa mbaya, lakini ungeiona gizani ungesema jembe. Kasoro ilikuwa moja. Jembe la kujipa mwenyewe halihesabiki. Lazima likabidhiwe na mwenyeji, mkono kwa mkono, na mwenyeji atakayethubutu angepelekwa kwenye ile nyumba yenye nondo. Nilikuwa nimelificha chini ya kitanda, bila moyo wa kumwomba mjane jambo kama hilo.

Nikalitoa. Nikaliegemeza ukutani, hatua nne kutoka kwenye ngazi. Nikakohoa.

Bi Mashavu akalitazama. Nafikiri hakuwa ameona jembe kwa miaka ishirini. Akaketi kwenye kidato cha ngazi, kijiko mkononi.

"Baba," alisema, "nikwambie kitu? Nimechoka kuwa mkarimu. Kuku wa mwisho nilimchinja mwaka juzi, tangu hapo nawapikia mchuzi wa kumbukumbu yake. Miaka kumi na tisa naamka kabla ya mtu na nalala baada ya mtu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mimi kama nimekula."

"Umekula, Bi Mashavu?"

Akakiachia kijiko. Boriti ikapasuka, mlio wa bunduki. Akashuka, akalichukua lile jembe langu, akanitupia kifuani kwa nguvu zote za miaka hiyo kumi na tisa.

"Shika. Panda uzoe, la sivyo tutazikwa humu na heshima zetu."

Nikapanda. Nikazoa majivu mpaka mabega yakawaka. Nilipogeuka, jirani wa upande wa pili alikuwa ametoka ananitazama, mgeni wake kando yake. Walitazamana kama watu waliooana juzi. Kisha jirani akang'oa mlango wa choo chake, akamkabidhi mgeni. Nyumba ya pili wakatoa sinia. Nyumba ya tatu ubao wa kupigia pasi. Mtaa mzima wageni wakapanda mapaani. Bi Mashavu akamkabidhi Bwana Ferdinandi kifuniko cha cherehani yake mwenyewe, na mtu yule mzima akakipokea kwa mikono miwili akilia kwa furaha. Hakuna paa lililoanguka mtaa ule.

*

Askari walinikamata juu ya paa, wakanipeleka kwa Mwenyeji Mkuu nikiwa na jembe langu. Alikuwa amekaa ikulu chini ya meza, pamoja na Bwana Ngwali na mtu wa mwavuli. Walisema ni mkutano.

"Nimepewa jembe," nikasema. "Siku ya tatu yangu imefika. Nipeni kibali."

Bwana Ngwali akafungua kitabu cha sheria kwa tochi. "Ni kweli, Mtukufu. Aliyepewa jembe si mgeni tena."

"Basi naondoka."

"Subiri. Asiye mgeni ni mwenyeji. Na mwenyeji haondoki. Mwenyeji akiondoka, nani atamkaribisha mgeni?" Akakifunga kitabu, ameridhika. "Hongera, mzee. Utapangiwa wageni wawili wa kuanzia."

Ardhi ikaturusha, tukagonga vichwa na meza. Nje mlima ulikuwa umeanza kumwaga kitu chekundu kizito kilichoteremka kwa utaratibu, bila haraka, kama msafara wa kiongozi. Niliwatazama wale mabwana. Macho yao yalikuwa mlangoni. Walitaka kukimbia kuliko mimi. Lakini watu hukimbiaje jiko lao wenyewe? Waliwaapia wananchi kwamba ni maharage.

Hapo nikamkumbuka Mwanamvua, na Mungu akanifungulia.

"Sawa," nikasema. "Mimi ni mwenyeji?"

"Ni mwenyeji," alisema Mwenyeji Mkuu.

"Kwa sheria zote?"

"Zote."

"Basi Mtukufu, karibu kwangu. Namwozesha binti yangu keshokutwa. Nakualika wewe, serikali yako, na wananchi wako wote, na vitoto vyao. Na kukataa mwaliko?"

"Jinai," alisema Bwana Ngwali upesi sana. "Kifungu cha kwanza."

 Mwenyeji Mkuu akanitazama kama mtu aliyefunguliwa kamba shingoni.

"Tungependa kubaki na Jiko letu," alisema kwa sauti ya huruma, "lakini sheria ni sheria. Hatuwezi kumkosea mwenyeji. Ngwali, tangaza."

"Ila mimi ni lazima nitangulie," nikasema. "Mwenyeji hutangulia kufungua mlango."

Hilo nalo lilikuwa kifungu.

Nusu saa baadaye spika ikatangaza harusi. Watu walimiminika ufukweni na nguo zao za sikukuu, maana hakuna aliyekuwa anakimbia, walikuwa wanakwenda harusini. Boti zote zikajaa. Mimi na Daktari tulipokuwa tunapandisha matanga, niliiona boti ya serikali. Mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, alikaa Bi Mashavu, mikono mapajani, hana upawa, hana kijiko. Mwenyeji Mkuu mwenyewe alikuwa amepiga magoti mbele yake anamimina chai, anamuuliza kama amekula.

Nyuma yetu kilele kikaruka angani chote. Na spika ya mnarani, ambayo mtu wake alikuwa ameondoka na kuiacha wazi na tangazo lake la mwisho, ikawa inarudia peke yake juu ya maji: "Chakula kimeiva. Chakula kimeiva."

Nilifika Ijumaa asubuhi, nikaoga, nikavaa kanzu, nikamwozesha mwanangu.

*

Hapo nikamaliza kusimulia. Mhina alikuwa anachunguza kucha zake. Mwanamvua alikuwa amesimama mlangoni, ungo kiunoni.

"Na hao wageni wako wako wapi?" aliuliza.

"Upepo ulitutenganisha. Wako njiani."

"Baba, mimi nimeolewa miaka kumi na miwili."

"Kwa hesabu yao ni siku ya pili."

"Harusi yangu ilikuwa na watu sitini. Na wewe ulikuwepo tangu Jumanne, umekaa jikoni unaonja pilau, mpaka shangazi akakutoa na mwiko. Mhina, si kweli?"

Mhina akakohoa. Nikagundua sasa maana ya kile kikohozi cha mwanzo. Huyu alikuwa bwana harusi, na alinyamaza hadithi nzima kwa ajili ya adabu. Kijana mwema sana.

"Mnanionea," nikasema. "Lakini ushahidi ninao."

Nikatoa mfukoni jiwe. Jiwe la kijivu, la ukubwa wa yai la bata, limejaa vitundu vidogo vidogo. Nikawaambia hili liliangukia kwenye mashua yetu mlima ulipopasuka. Nikaomba ndoo ya maji. Nikalitia. Jiwe likaelea.

"Nionyesheni jiwe la nchi hii linaloelea," nikasema.

Mhina akainama juu ya ndoo, mdomo wazi. Nilimwona kabisa anaanza kuamini. Jembe lenyewe lilionekana kama linasogea kurudi ndani.

Mwanamvua akaweka ungo chini. Akalitoa jiwe majini, akaligeuza, akalinusa. Kisha akageuka akanitazama miguu.

"Nimelitafuta tangu juzi," alisema. "Bafu zima nimelipindua. Jiwe langu la kusugulia visigino."

"Yanafanana," nikasema.

"Lina sabuni, baba."

Nikaificha miguu chini ya kiti, sikubisha. Nimeshawaambia, mimi si mtu wa kuongopa.

Mwanamvua akaenda ukutani. Alilichukua jembe, akaja nalo hatua nne, akanikabidhi mkono kwa mkono, kwa heshima zote, akiwa ameinama kidogo kama nilivyomfundisha.

"Leo siku ya ngapi tangu ufike, baba?"

"Ya kwanza."

"Ya kumi na tisa. Kuanzia uani mpaka mnazi wa mwisho. Uliapa mwenyewe."

Nikaenda. Nililima tangu saa tatu mpaka jioni, na kiapo ni kiapo, maji sikupewa, ingawa Mhina alipita mara mbili na kata ya maji, akaiacha chini karibu yangu, akakohoa, akaenda zake. Malengelenge yamenitoka manne. Kalamu hii naishika kwa vidole viwili.

Jua lilipokuwa linateremka nilifika mnazi wa mwisho, nikarudi barazani, nikalirudisha jembe pale pale ukutani, nikakaa kwenye kiti changu.

"Hapo umelipa," alisema Mwanamvua. Aliniwekea sahani ya wali, mwingi, wa jembe. "Sasa niambie, baba, unaondoka lini?"

"Mimi?" nikasema. "Si umenipa jembe mwenyewe? Aliyepewa jembe si mgeni tena, ni mwenyeji. Na mwenyeji haondoki."

Mwanamvua akamtazama mumewe. Mhina akafungua mdomo, akaufunga, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakikumtoka hata kikohozi.